Wanawake Walikuwa Wapi?



Wakristu wapenzi, kila tarehe 3 Juni twawaadhimisha Mashahidi wa Uganda, wale 22 ambao Baba Mtakatifu Paulo VI aliwatangaza kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Wote ni wanaume. Hapa Mubambiro mama mmoja alituuliza baada ya mafundisho: "Mwalimu, siku zile wanawake walikuwa wapi?" Tulinyamaza, maana tulikuwa tumelifundisha somo hilo miaka mingi pasipo kujiuliza neno hilo.

Wengi wa mashahidi hao walikuwa vijana watumishi katika jumba la Kabaka Mwanga, na kazi ile ilikuwa ya wavulana. Lakini tusiishie jumbani. Twende Mityana, upande wa magharibi, tukaone Wakristu wa kijijini.

Mapadre Weupe walifika Uganda mwaka 1879. Mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka, wakavuka ziwa kwenda Bukumbi, wasirudi mpaka 1885. Muda huo wote hapakuwa na Misa wala padri wa kuungamisha. Sisi tuliozoea kukimbia vita twajua jambo hilo lilivyo. Imani ilitunzwa nyumbani, baba na mama wakisali pamoja na watoto. Huko Mityana aliyewafundisha wenzake alikuwa Matia Mulumba, aliyekuwa amewaacha wake wengine akabaki na mmoja tu, jina lake Kikuvwa. Pamoja naye alikuwako Luka Banabakintu, na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu.

Mwezi wa Mei 1886 Matia na Luka walikamatwa. Tarehe 31 askari wakafika Mityana, wakamchoma Noe kwa mkuki, wakamfunga kwenye mti, naye akafa. Mama yake alikuwa amejificha pamoja na Kikuvwa na watoto, na pamoja nao dada yake Noe, msichana aitwaye Munaku, ambaye bado alikuwa mkatekumeni. Munaku akatoka mafichoni kwa hiari yake, akawafuata askari, akawaambia kwamba yeye naye anasali kama kaka yake, basi wamwue.

Hawakumwua. Walimteka. Hilo ndilo jibu la mama yetu: katika uvamizi wa namna ile mwanamume alichomwa mkuki, na mwanamke alihesabiwa kuwa nyara. Kwa hiyo tukitafuta wanawake katika orodha ya waliomwaga damu, hatuwaoni.

Mkubwa wa askari akataka kumwoa. Akamshawishi, akamtisha, akamtia miguu katika mkatale. Munaku akakataa. Hatimaye yule mtu akakubali kumtoa, na Padre Lourdel akamkomboa kwa kutoa bunduki. Mwaka uleule akabatizwa, akaitwa Maria Matilda. Hakuolewa kamwe, alijitoa kwa Mungu akalitumikia Kanisa hata alipofariki mwaka 1934, miaka 48 baada ya kaka yake.

Tulipolifundisha jambo hili, baba mmoja alikasirika. Alikuwa amekwisha kupokea ng'ombe kwa ajili ya binti yake, naye binti hataki. Alisema tunawafundisha wasichana ukaidi. Tulimjibu kwa upole kwamba si sisi tuliotunga neno hilo: Kanisa lafundisha kwamba ndoa isiyo na hiari ya wote wawili si ndoa, hata ng'ombe wakiwa kumi. Aliondoka bila kutuaga. Jumapili iliyofuata alikuja kusali, lakini ng'ombe bado wako zizini mwake.

Wala Munaku hakuwa peke yake. Binti wa Kabaka Mutesa, Nalumansi, aliyebatizwa kwa jina la Klara, naye aliuawa. Na tangu mwanzo kabisa, Paulo Mtakatifu anapowasalimu Wakristu wa Roma anamtaja kwanza Febe, mtumishi wa Kanisa la Kenkrea, kisha Priska na mumewe Akila, ambao waamini walikusanyika nyumbani mwao. Mwaweza kuyasoma majina hayo mwishoni mwa barua ile. Ni mengi, na ya wanawake si machache.

Sasa, usiku wa kuamkia 3 Juni, sisi hapa twalisoma na jina la Munaku. Hatulitii katika litania, kwa kuwa Kanisa halijamtangaza mtakatifu. Twalisoma katika mafundisho, baada ya jina la Noe, naye mama aliyetuuliza ndiye alisomaye.