Sura ya Sita: Daftari na Stoo

Flashi haiogopi sumaku. Naanza na hili kwa sababu bado wapo watu, baadhi yao walimu wa kompyuta, wanaowakataza wanafunzi kuiweka karibu na spika. Onyo hilo lilikuwa la kweli enzi za disketi, iliyotunza kazi kwa usumaku. Memori ya flashi, iliyobuniwa na Fujio Masuoka akiwa Toshiba miaka ya 1980, hunasa elektroni ndani ya vijumba vidogo mno vilivyozungushiwa kizio, nazo hubaki humo hata umeme ukikatwa. Sumaku ya spika haina cha kufanya hapo. Nimewahi pia kuambiwa, tena na mtu mwenye shahada yake, kwamba flashi mbili zikikaa mfuko mmoja huambukizana virusi. Kirusi cha kompyuta ni programu. Pasipo kompyuta ya kukiendesha, hakiendi popote.

Nimepanga sura hii iwe na mambo manne: ukubwa, kukopi, kuchomoa na kufuta. Yote yanaeleweka ukishika jambo moja tu. Unapofungua flashi, kompyuta haikuonyeshi mafaili, inakusomea daftari. Ni kama mtunza stoo anayekujibu kutoka kwenye leja bila kunyanyuka kitini. Anaweza kufuta mstari na gunia likabaki pale pale. Anaweza kuandika magunia mia na stoo ikawa na kumi.

Tuanze na ukubwa. Mtu ananunua flashi ya GB 64, anaichomeka, anakuta 59 na pointi, anarudi dukani na hasira. Mtengenezaji huhesabu GB moja kuwa baiti 1,000,000,000, na Windows huihesabu kuwa 1,073,741,824. Gawanya utaona. Hapo hakuna aliyepunjwa.

Waliopunjwa ni wengine, na kwao lazima nisimame kidogo.

Inauzwa flashi ya TB 2 kwa bei ya sahani mbili za chipsi kuku. Mnunuzi anaijaribu hapo hapo, skrini inaandika TB 2, anaridhika: kompyuta imethibitisha. Kompyuta haijathibitisha kitu. Ndani ya kila flashi kuna sehemu mbili zinazohusika: memori yenyewe, na kidhibiti kinachozungumza kwa niaba yake. Kompyuta haiioni memori, inakiuliza kidhibiti, «una nafasi kiasi gani?», na kuandika jibu lolote itakalopewa. Programu iliyo ndani ya kidhibiti inaweza kubadilishwa ili itaje namba yoyote. Nyuma ya TB 2 mara nyingi kuna GB 8 au 16.

Sasa mchukue mpiga video wa harusi anayemkabidhi bibi harusi kazi yake kwa flashi ya namna hiyo, yenye GB 8 za kweli. Anaweka kitchen party, GB 3. Anaweka send-off, GB 3. Anaweka ya kanisani, kisha ya ukumbini, GB 3 kila moja. Kukopi kunakwenda vizuri mpaka mwisho, bila onyo. Majina yote manne yanaonekana, na ukubwa wake sawasawa. Nyumbani ukoo umekusanyika: kitchen party inacheza, send-off inacheza, ya kanisani inakatika padri akiwa katikati ya mahubiri, ya ukumbini haifunguki kabisa.

Hapo ndipo upuuzi unapoanza. Kijana wa nyumba anasema televisheni ni ya zamani. Mwingine anasakinisha programu ya tatu ya kuchezea video. Shangazi anasema kuna mkono wa mtu.

Mkono wa mtu upo kweli, ila ni wa yule aliyebadilisha programu ya kidhibiti kabla flashi haijafika dukani. Angalia mpangilio wa uharibifu, maana ndio unaomuumbua. Daftari hukaa mwanzoni mwa flashi, ndani ya zile GB 8 za kweli. Ndiyo maana majina yote yapo. Video mbili za mwanzo nazo ziliingia humo. Ndiyo maana zinacheza. Kilichozidi hapo kidhibiti kilikipokea, kikajibu «nimeandika», kisha kikakitupa. Vidhibiti vingine ni vibaya zaidi: nafasi ikiisha, hurudi mwanzo na kuandika juu ya vilivyopo, mpaka daftari lenyewe nalo linafutika na kompyuta inaomba ruhusa ya kuformati. Jini hawezi kujua kwamba nafasi iliisha padri akiwa katikati ya mahubiri. Hesabu inajua.

Dawa yake ni kuijaza flashi yote kwa data inayojulikana, kisha kuisoma tena na kulinganisha. H2testw hufanya hivyo kwenye Windows, na F3 kwenye Linux na Mac. Zote ni za bure. Flashi ya GB 64 inayoandika MB 10 kwa sekunde itachukua karibu saa mbili kujazwa, na kusoma tena kuna muda wake. Ijaribu kabla haijabeba kazi ya mtu. Muuzaji akikataa kuipokea, angalau utakuwa umepoteza pesa tu.

Nimekula nafasi ya mambo matatu yaliyobaki, kwa hiyo nitakwenda mbio.

Kukopi. Flashi ina GB 50 wazi, filamu ni ya GB 5, kompyuta inakataa ikisema faili ni kubwa mno. Flashi si mbovu. Imeformatiwa kwa FAT32, na katika daftari la FAT32 safu ya kuandikia ukubwa wa faili inaishia baiti 4,294,967,295, yaani pungufu kidogo ya GB 4 kwa hesabu ya Windows. Ukiformati kwa exFAT, iliyotoka mwaka 2006, kikomo hicho kinaondoka. Ila redio nyingi za magari husoma FAT32 peke yake, kwa hiyo flashi ya nyimbo za safari iache ilivyo.

Kuchomoa. Kuna wanaoamini ukichomoa bila kubofya «ondoa kwa usalama» flashi inaungua, na kuna wanaojiona wajanja kwa kusema hatua hiyo ni mapambo. Wote wamekosea. Kompyuta huweza kukuambia imemaliza huku ikiwa bado imeshikilia sehemu ya kazi kwenye memori yake yenyewe. Windows, tangu toleo la 1809 la mwaka 2018, imepunguza tabia hiyo kwa flashi. Linux na Mac bado zinayo. Ukichomoa katikati, kinachoumia ni daftari lililoachwa nusu. Ukichomeka tena na kuulizwa kama unataka kuformati, kataa. Mafaili kwa kawaida bado yamo. Okoa kwanza, formati baadaye.

Kufuta. Ukifuta faili kwenye FAT32, kompyuta hubadilisha herufi ya kwanza ya jina daftarini na kuitangaza nafasi kuwa wazi. Ndiyo maana programu za kuokoa mafaili zinaweza kukurudishia HARUSI.JPG ikiwa imeandikwa ?ARUSI.JPG. Formati ya haraka nayo huanza daftari jipya tu, bila kugusa magunia. Uliyefuta kwa bahati mbaya, acha kuandika chochote humo. Unayeuza flashi iliyobeba mikataba na vyeti, usidhani imekuwa tupu.

Kwa sababu hiyo hiyo simhurumii fundi anayeformati kila flashi yenye shotikati. Kirusi cha shotikati, wateja wa steshenari wanakijua vizuri, hakili mafaili. Huyaficha, kisha huweka njia za mkato zenye majina yale yale ili uzibofye na kukiendesha. Safisha kompyuta na flashi kwa antivirusi iliyosasishwa, halafu fungua dirisha la amri kwenye flashi hiyo na uandike attrib -h -r -s /s /d *.* ili yaliyofichwa yaonekane. Kuformati hapo ni kumalizia kazi ambayo kirusi hakuifanya.

Na hata flashi halali si mahali pa kutunzia nakala pekee. Elektroni huvuja polepole, na joto, kama la dashibodi ya gari juani, huharakisha. Kazi muhimu ikae sehemu nyingine mbili, flashi iwe ya kuisafirishia tu. Kabla hujaikabidhi, usiridhike kuona majina. Iondoe kwa usalama, ichomeke upya ili kompyuta isikusomee kile inachokikumbuka yenyewe, fungua faili lililoingia mwisho, na kama ni video, isogeze hadi dakika ya mwisho.