Vina Humwongoza Mtoto Kusoma
Kawangware, mjini Nairobi, nyumba moja hunena Kiluhya na jirani yake Kikikuyu. Basi baadhi ya maneno ya Kiswahili huweza kuwa mageni kwa mtoto aingiapo shule. Wako wanaokariri ukurasa kwa moyo, lakini wakionyeshwa neno jipya hunyamaza. Dawa huanzia masikioni. Mwalimu hutamka paka, taka, waka. Watoto wakishatambua mwisho ulio mmoja, husoma saka wasilopata kuliona. Kisha hufuata jamaa ya maneno: soma, somo, masomo, msomaji. Mpango wa Tusome, ulioanza nchini Kenya mwaka 2015, nao ulisisitiza sauti na silabi. Mzazi asiyejua kusoma aweza kusaidia, kwani mchezo wa vina hauhitaji kitabu, bali sikio na subira.