Je, Wajua? Kutoka Ujiji hadi Nuremberg: mauaji ya kimbari huanzia wapi

Je, wajua kwamba mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika Ujiji na mwenzake Richard Burton, Februari 1858, alikuwa anaumwa macho kiasi kwamba Ziwa Tanganyika lenyewe aliliona kama ukungu tu? Mwaka 1863 akachapisha kitabu akidai kuwa watawala wa falme za Maziwa Makuu si wenyeji, bali ni kizazi kilichotoka Uhabeshi. Ushahidi hakuwa nao. Wamisionari na maofisa wa kikoloni wakaupokea uzushi huo, wakaufundisha shuleni. Tarehe 22 Novemba 1992, mwanasiasa Léon Mugesera alisimama Kabaya, Rwanda, akahubiri kuwarudisha Watutsi Uhabeshi kwa kuwapitisha mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, maiti zilielea mtoni humo, zikaingia Kagera, zikafika Ziwa Victoria.

Ndiyo maana huwa nakereka nikisikia watu wakisema juu ya Wahutu na Watutsi "hao wamechukiana tangu enzi za mababu". Si kweli. Chuki hii ina walioitunga, ina tarehe, ina mihuri ya ofisi.

Je, wajua kwamba mwaka 1929 Burundi ilikuwa na machifu Wahutu 27, na ilipofika 1945 hakuwa amebaki hata mmoja? Watawala wa Kibelgiji waliwang'oa kwa madai kwamba wapo waliozaliwa kutawala na waliozaliwa kutawaliwa. Huko Rwanda, miaka ya 1930, wakagawa vipande, yaani vitambulisho, vyenye jina la kabila, na mtoto akarithi la baba yake. Serikali za baada ya uhuru zikaviacha vilevile. Mwaka 1994, kwenye vizuizi vya barabarani, kipande hicho ndicho kilichoamua nani apite na nani auawe.

Ujerumani ilifanya jambo la namna hiyo hiyo. Sheria za Nuremberg za 1935 zilihesabu babu na bibi wa mtu ili kumtambua kuwa Myahudi, na mwaka 1938 pasi za Wayahudi zikagongwa herufi J nyekundu. Wayahudi hao hawakufika hata asilimia 1 ya wakazi wa nchi.

Je, wajua kwamba chama cha Hitler kilipata asilimia 2.6 tu ya kura mwaka 1928? Kisha uchumi wa dunia ukaanguka, Wajerumani wapatao milioni 6 wakakosa kazi, na Julai 1932 chama hicho kikavuna asilimia 37. Rwanda nayo iliishi kwa kahawa; mkataba wa kimataifa wa bei ya kahawa ulivunjika Julai 1989, mkulima akabaki na magunia yasiyolipa, na mwaka uliofuata vita ikaanza. Njaa peke yake haiui jirani. Ila humpa mchochezi watu wa kumsikiliza.

Je, wajua kwamba meli ya MV Liemba ya Ziwa Tanganyika ilizaliwa na jina la Graf von Goetzen, Mjerumani aliyekatiza Rwanda mwaka 1894 na baadaye kuwa gavana wakati wa Maji Maji? Meli hiyo hiyo, Mei 2015, ilikuwa ikiwasomba wakimbizi Warundi kutoka mwalo wa Kagunga, ambako maelfu walirundikana kati ya mlima na maji huku kipindupindu kikiwaua. Walishushwa Kigoma, wakapitia uwanja wa Lake Tanganyika, kisha kambi ya Nyarugusu.

Lakini jeraha kubwa la mwambao huu wa Ziwa Tanganyika ni la 1972. Aprili 29, waasi wa Kihutu walivamia Rumonge na Nyanza-Lac, upande wa Burundi, wakaua Watutsi. Serikali ya Rais Micombero ikajibu kwa orodha za majina: walimu, makarani, wauguzi, wafanyabiashara, wanafunzi walioitwa nje ya madarasa wasirudi tena. Waliouawa wanakadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 300,000. Walengwa wa kwanza walikuwa Wahutu waliosoma, yaani wale ambao kesho yake wangegombea vyeo. Dunia ilinyamaza. Mwaka 1973 jeshi la Burundi lilipovuka mpaka na kuua Watanzania, wafanyakazi wa bandari zetu walisusia mizigo yake.

Je, wajua kwamba mahakama ya kwanza ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari ilikaa Arusha? Ilikuwa Septemba 2, 1998, na mshtakiwa alikuwa Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, Rwanda.

Na hili watu wa Kasulu wanalijua: Buha, nchi ya Waha mkoani Kigoma, nayo ilikuwa na ukoo wa watawala wa Kitutsi, na ubugabire, yaani kupewa ng'ombe na kulipa kwa utii, kama ng'ambo ya mpaka. Mwami Theresa Ntare alitawala Heru kuanzia 1946, akaketi katika Baraza la Kutunga Sheria. Ila hapa hakuna aliyegawa vipande vya kumtenga Mtutsi na Muha, na mwaka 1963 serikali ilifuta uchifu wote, wa kila kabila, nchi nzima. Hakuna aliyechinjwa. Kwangu mimi hakuna ushahidi mzito kuliko huu kwamba tatizo halikuwa damu.

Je, wajua kwamba mwanaanthropolojia Liisa Malkki, aliyefanya utafiti mwaka 1985 na 1986, alikuta wakimbizi waliokimbia Burundi mwaka 1972 wakiishi kwa namna mbili? Kambini Mishamo walishika kwa nguvu historia yao kama Wahutu. Mjini Kigoma wengi walijichanganya, wakafanya biashara, na jirani hakujua walikotoka.

Zaidi ya 162,000 wa wakimbizi hao waliidhinishiwa uraia wa Tanzania mwaka 2010, na vyeti vikaanza kutolewa 2014. Zaidi ya 50,000 wengine walirudi Burundi kuanzia 2008. Waliotoka Rumonge na Nyanza-Lac walikuta mashamba yao ya michikichi yana wenyewe wapya, na baadhi ya wenyewe hao walikuwa wamegawiwa na serikali.