BUNDUKI KUPASUKA MIKONONI: SABABU NA HATARI ZAKE

Kwa walio wengi, hatari ya bunduki ipo mbele ya mtutu wake. Hata hivyo, silaha hiyo huweza kumdhuru, na pengine kumuua, yule yule aliyeishika na walio jirani naye, iwapo itapasuka wakati wa kufyatuliwa. Watumishi wa Serikali waliokabidhiwa silaha za ulinzi, pamoja na wananchi wenye leseni, wanapaswa kuelewa jinsi jambo hilo linavyotokea, kwani aghalabu chanzo chake huwapo kabla ya kidole kugusa kifyatulio.

Baruti inapowaka ndani ya mtutu hugeuka gesi kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Katika bunduki za kijeshi, mkazo wa gesi hiyo huzidi mara elfu moja mkazo wa upepo uliomo katika mpira wa gari. Chuma hustahimili kwa sababu risasi husogea na kuiachia gesi nafasi. Risasi ikizuiwa, gesi hutafuta pahala pengine pa kutokea: mtutu huchanika, au sehemu ya nyuma, iliyo karibu na uso wa mpigaji, huvunjika na vipande vyake kurushwa.

Kizuizi chenyewe huweza kuwa tope, mchanga, au tambara la kusafishia lililosahauliwa ndani. Kilicho kibaya zaidi ni risasi iliyotangulia. Baruti iliyopata unyevu hutoa mlio hafifu, na risasi huishia katikati ya mtutu. Anayefyatua ya pili huipiga ile ya kwanza. Katika bunduki za marisawa, hatari ya namna hiyo hutokana na kuchanganya namba. Risasi ya namba 20 ni nyembamba kuliko ya namba 12 (namba ikikua, tundu hupungua, jambo linalowapoteza wengi). Ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza ndani na kukwama mahali isipoonekana. Mwenye bunduki akidhani hakutia kitu, hutia ya namba 12 nyuma yake na kufyatua.

Tarehe 2 Januari, 1879, katika Bahari ya Marmara huko Uturuki, manowari ya Uingereza iitwayo Thunderer ilikuwa ikifanya mazoezi ya shabaha. Mizinga yake miwili, kila mmoja wenye uzito wa tani 38, ilikuwa ya kushindiliwa kwa mdomoni na ililiwa kufyatuliwa pamoja. Mmoja haukulia, lakini kishindo cha mwenziwe kiliwafanya mabaharia waamini kuwa yote imelia. Wakaushindilia tena juu ya shehena ya kwanza. Ulipofyatuliwa ulipasuka, na watu 11 wakafa. Wapo waliobisha kuhusu sababu hiyo, hivyo mwaka 1880 mzinga wa pili wa manowari ile ulipelekwa Woolwich, ukatiwa shehena mbili kwa makusudi, nao ukapasuka kwa namna ile ile.

Gobori hushindiliwa kwa mdomoni vile vile, na kosa la Thunderer linaweza kutendeka kondeni bila ya kishindo cha mzinga mwingine. Yatosha mtu kurejea nyumbani bila kufyatua, na mwingine kuishindilia tena asubuhi. Gobori lililoundwa kwa bomba la maji lina hatari zaidi, kwa kuwa bomba hilo halikukusudiwa kuhimili baruti. Aidha, baruti isiyo na moshi, inayotolewa katika risasi za kisasa, isitiwe kabisa ndani ya gobori.

Pengine kasoro huwa ya kiwandani. Bunduki za Springfield za mfano wa mwaka 1903, zilizotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Marekani, zilichomwa tanurini na mafundi waliokadiria joto kwa kutazama rangi ya chuma. Siku ya jua kali rangi hiyo huonekana imefifia, basi fundi huzidisha moto, na chuma hutoka kigumu lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Baada ya baadhi kupasuka mwaka 1917, utaratibu ulibadilishwa mwaka 1918. Zilizotoka katika kiwanda cha Springfield zikiwa na namba chini ya 800,000 zinaogopwa hadi leo.

Wenye silaha wanakumbushwa kutazama ndani ya mtutu kabla ya kutia risasi, baada ya kuhakikisha kuwa bunduki ni tupu. Mlio ukiwa hafifu kuliko kawaida, upigaji usimamishwe, risasi zitolewe, na mtutu ukaguliwe. Bunduki isipolia, mtutu uendelee kuelekezwa pasipo watu kwa muda usiopungua nusu dakika kabla ya kufunguliwa, kwani baruti huweza kuchelewa kushika moto. Kwa gobori, muda uwe mrefu zaidi. Mwenye gobori aweke alama kwenye mdeki inapofikia akiwa na uhakika kwamba mtutu ni mtupu. Mdeki ukiishia kabla ya alama hiyo, ndani mna kitu.