Siku Ambayo Mkubwa Hakurudi

Haya, sogeeni. Wewe mdogo, kaa hapa mbele usije ukasinzia.

Mnaijua kengele ya pale Kengeleni? Ile iliyo kando ya barabara, mnayoipita kila siku mkitumwa Kongowea, wala hakuna anayeinua macho kuitazama. Imenyamaza miaka mingi. Leo tuiache iseme.

"Mimi ndimi mkubwa wa Frere Town," asema Kengele. "Nikilia ngo! ngo! ngo! watu huacha majembe shambani. Huacha vyungu motoni. Huja mbio. Nani mwengine awezaye kufanya hivyo? Basi mimi ndiye kiongozi."

Ni kweli, mjomba?

Ah, swali zuri! Napenda mtoto asiyemeza kila anachoambiwa. Ni kweli nusu. Nusu nyingine inabidi tuitafute.

Mwaka 1873 Mwingereza mmoja, Sir Bartle Frere, alikwenda Unguja kumtaka Sultani Barghash akomeshe biashara ya watumwa baharini. Mkataba ukatiwa saini mwaka ule ule. Manowari za Waingereza zikawa zinayakamata majahazi yaliyobeba watumwa na kuwatoa watu waliokuwamo. Sawa. Lakini watu hao wapelekwe wapi? Makwao ni mbali, bara ndani kabisa. Wengine ni watoto wadogo, hawajui hata njia waliyopitishwa. Ndipo mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza, wale wa CMS, wakanunua ardhi huku bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wakajenga kijiji. Wakakiita kwa jina la yule Frere. Na kengele ikatundikwa ili iwaonye watu wakionekana watekaji wanakuja.

"Umesikia?" asema Kengele. "Bila mimi wangechukuliwa tena!"

Tumesikia. Kazi yako ilikuwa ya maana. Lakini nikuulize, Kengele. Watu walipokimbia, wewe ulikimbia nao?

"La. Mimi nimetundikwa."

Watu walipokwenda safari, ulikwenda nao?

"La. Mimi huita tu. Siendi."

Basi ngoja tuwape habari za mtu aliyekwenda.

Jina lake William Jones. Msidanganyike na jina, huyo hakuwa Mzungu. Alikuwa Myao, kutoka bara ya kusini. Alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa, akatiwa chomboni, na baharini akaokolewa na manowari ya Waingereza. Wakampeleka mbali sana, hadi Bara Hindi.

Bara Hindi, mjomba? Kwa nini wasimrudishe kwao?

Wakati ule Frere Town haikuwapo. Watoto wengi waliookolewa walipelekwa Bombay, kisha penye shule karibu na mji wa Nasik. Wakafundishwa kusoma na kuandika, na kila mmoja akapewa kazi ya mikono. Huyu useremala, yule uhunzi. Jones alijifunza uhunzi. Mwaka 1864 akarudi Afrika, yeye na mwenzake Ishmael Semler, wakaenda Rabai, pale juu mlimani nyuma ya Mazeras, kumsaidia mmisionari Mjerumani aliyeitwa Rebmann. Watu wa huku pwani waliwaita hao waliotoka Hindi Wabombay.

Sasa nataka mfahamu jambo moja kabla hatujaenda mbele, kwa sababu wakubwa wengi wanalikosa. Jones hakuja Rabai kuwa mkubwa. Alikuja kuwa msaidizi. Akafundisha watoto. Akatafsiri. Akahubiri. Mwaka ukapita, na mwengine, na mwengine. Zaidi ya miaka 20 alikuwa chini ya mtu.

Miaka 20! Hakuchoka?

Sijui mtu asiyechoka. Lakini hebu mfikirieni shangazi yenu, yule anayeitwa kila penye harusi kupika wali wa nazi. Sufuria lake linaweza kumtia mtoto mzima ndani. Mnadhani siku ya kwanza alipewa sufuria lile? Siku ya kwanza alipewa mbuzi akakune nazi. Alikuna mpaka kiganja kikamuwasha. Halafu akapewa kuchuja tui. Akajua tui zito na tui jepesi. Halafu akaambiwa angalia moto, usiwake sana, usizime. Na muda wote huo jicho lake lilikuwa kwa mpishi mkuu: anaonja lini, anafunika lini, anamkemea nani, anamtania nani ili kazi iende. Siku mpishi mkuu alipougua, watu 200 wanangoja chakula, nani aliitwa? Aliitwa mkuna nazi. Yule aliyesimama mlangoni akipiga kelele "Pakueni! Pakueni!" hakuna aliyemkumbuka.

"Unanisema mimi," asema Kengele.

Sikukutaja jina.

Jones naye alikuwa akikuna nazi. Kisha mwaka 1885 ukaja, na mwaka ule ulikuwa na mambo mawili.

La kwanza lilikuwa la furaha. Askofu mpya alifika Mombasa, James Hannington, akawaweka wakfu Jones na Semler kuwa mashemasi. Watoto waliouzwa kama bidhaa sasa wamevaa kanzu nyeupe mbele ya kanisa.

La pili lilikuwa safari. Askofu alitaka kwenda Buganda. Watu wengi wakati ule walizunguka kusini kupitia nchi ambayo leo ni Tanzania. Yeye akasema, nitapita katikati, nchi ya Wamaasai, njia ni fupi. Mwezi wa Julai wakaondoka Rabai, wapagazi kama 200. Na Jones akiwa naye.

Wapagazi ni nani, mjomba?

Ni watu wa kubeba mizigo. Hakukuwa na lori wala reli. Kila kitu kilikwenda kichwani au begani: vitambaa, shanga, hema, vyungu. Na msafara ni mahali pa kazi kama kiwanda cha kule Changamwe, ila kiwanda hiki kina miguu. Mbele yuko kirangozi, anajua njia. Wako wanyapara, kila mmoja na kundi lake. Kuna posho ya kugawa kila baada ya siku fulani, na posho ikichelewa mtasikia maneno. Kuna hongo ya kumlipa mwenye nchi mnayopita. Kuna anayeumwa mguu, kuna anayesingizia mguu. Nani atachota maji? Nani atalinda usiku? Mkubwa asiyejua kujibu maswali haya madogo, msafara wake haufiki hata Taita.

Wakatembea. Wakapita nyika isiyo na maji. Wakapita Umaasai. Mwezi wa Oktoba wakafika Kwa Sundu. Mahali hapo leo ni Mumias, kule magharibi kwenye mashamba ya miwa. Pale Askofu akaamua. Akachukua watu 50 akasonga mbele kwa haraka. Wengine wote, na mizigo, akamwachia Jones. Ningojeeni hapa, nitatuma habari.

Jones akangoja. Siku ikaja, siku ikapita. Habari hakuna. Akangoja. Siku ikaja, siku ikapita. Habari hakuna.

Kisha mwezi wa Novemba wakatokea watu wachache, wamechoka, wana woga machoni. Hao ndio waliosalia katika wale 50. Kule Busoga Askofu alikamatwa kwa amri ya Mwanga, Kabaka, yaani mfalme, wa Buganda, kwa sababu Waganda waliogopa sana mgeni anayeingia kwao kutoka upande wa mashariki. Tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa, na watu wake karibu wote wakauawa pamoja naye.

Nyamazeni kidogo. Mfikirieni Jones sasa.

Mkubwa hayupo. Hatarudi. Hapo walipo mpaka Mombasa, kwa barabara za leo, ni zaidi ya kilomita 800, na wao wanakwenda kwa miguu. Nyuma wana habari mbaya, mbele wana nyika. Na watu zaidi ya 100 wanamtazama mtu mmoja.

Alikimbia, mjomba?

Hakukimbia.

Aliwapigia kelele?

Kelele zingesaidia nini? Kengele, zingesaidia?

"...Pengine si sana," asema Kengele.

Kwanza, hakuondoka siku ile ile. Alikaa wiki kadhaa zaidi, akitaka kuhakikisha, huenda kuna mwengine aliyeokoka, huenda habari si za kweli. Wako watakaosema alichelewa. Mimi nasema hapana. Mtu aliyeambiwa "ningojee" haondoki kwa neno la kwanza la msiba, na pia hakai mpaka chakula kiishe. Kujua siku ipi ni ya kungoja na ipi ni ya kuondoka, hilo halimo katika kitabu. Linatoka kwenye miaka ile ya kuangalia.

Pili, aliandika. Jones alikuwa na shajara, na ilitumika baadaye watu wa Ulaya walipoandika habari za Askofu Hannington. Fikiri, umefiwa, una njaa, unaogopa, na jioni unakaa chini unaandika yaliyotokea leo. Mwenye kuandika anajua posho imebaki ngapi. Anajua nani aliumwa jana. Hadanganywi, na hajidanganyi.

Tatu, aliwarudisha. Mwezi wa Februari mwaka 1886 watu wa Rabai wakaona msafara unapanda kilima. Watu wamekonda, nguo zimeraruka. Mbele kuna bendera yenye neno moja: Ikabodi. Ni neno la Biblia, katika kitabu cha Samweli, maana yake utukufu umeondoka. Hivyo watu walifahamu habari kabla hata ya kuamkiana. Jones hakuja na maneno matamu kwanza na msiba baadaye. Msiba aliuweka mbele, juu ya mti, kila mtu auone. Nimefanya kazi na wakubwa wengi maishani mwangu, na habari mbaya huwa wanaiweka chini kabisa ya faili.

Mjomba, ni yeye tu aliyewahi kufanya hivyo?

Ewaa! Hilo ndilo swali la mtoto anayefikiri. Si yeye tu. Miaka kumi na kitu kabla yake, mwaka 1873, msafiri mmoja Mzungu, Dokta Livingstone, alifariki kijijini kwa Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliubeba mwili wake miezi mingi hadi Bagamoyo. Hakuna aliyewaamuru, mwenye kuamuru ndiye waliyembeba. Katika msafara ule walikuwamo vijana wa Nasik, shule ile ile. Mmoja, Jacob Wainwright, ndiye aliyekuwa na kalamu. Mwengine, Matthew Wellington, alikuja kuishi huku kwetu, akazeekea Mombasa, akafariki mwaka 1935. Babu zetu walimwona kwa macho.

Wabombay pia walijua kusema na mkubwa, jambo gumu kuliko kusema na mdogo. Hapa hapa Frere Town, mwanzoni mwa miaka ya 1880, kulikuwa na msimamizi Mzungu aliyewachapa watu viboko. Watu waliokombolewa kutoka utumwani, wanachapwa viboko! Malalamiko yakatoka, yakavuka bahari, yakafika London, na msimamizi yule akaondolewa.

Na Jones? Baada ya safari alirudi kwenye kazi yake Rabai. Watu waliotoroka utumwani walikuwa wanakimbilia huko, watoro, mmoja leo, watano kesho, mpaka wakawa mamia. Mabwana zao wakaja juu. Palikaribia kumwagika damu. Mwishowe fedha zikalipwa kuwakomboa, na tarehe 1 Januari 1889 watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati zao za uhuru. Watu wote hao walikuwa wameishi, wamelima, wamegombana na kupatana katika kijiji ambacho mchungaji wao alikuwa mhunzi aliyewahi kuuzwa. Hakuhitaji kuambiwa mtoro anaogopa nini.

Alipandishwa cheo, mjomba?

Mh. Nilijua mtauliza, na sitawaficha. Ushemasi alipewa mwaka 1885. Ukasisi kamili aliungoja miaka kumi hivi.

Miaka kumi! Alikosa nini?

Hakukosa kitu. Wakubwa wa misheni walikuwa wepesi kumkabidhi Mwafrika mzigo, wazito kumkabidhi kiti. Mwaka 1903 walifungua hapa Frere Town shule ya kuwafundisha Waafrika uchungaji, ile ambayo baadaye ilihamishiwa Limuru na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Ilichukua miaka 39 tangu Jones na Semler wafike Rabai.

"Na mshahara?" auliza Kengele, ambaye kumbe alikuwa anasikiliza vizuri. "Walimlipa sawa na Wazungu?"

Sivyo hata kidogo. Lakini hilo la mshahara ni refu, Kengele, na wewe mdogo umeshaanza kusinzia. Njooni kesho na daftari, tupige hesabu.