Mji Uliomo Ndani ya Picha (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu iliyotangulia nilieleza jinsi mafundi wa picha wenye asili ya Goa, miongoni mwao A. C. Gomes na J. B. Coutinho, walivyofungua maduka Unguja katika karne ya 19, wakawauzia abiria wa meli sura za mji wetu. Leo nataka kutazama athari ya sura hizo katika nyoyo zetu sisi tuliozaliwa humu, ambao hatukukusudiwa kuzinunua.

Katika ujana wangu niliokota, ndani ya kitabu kikuukuu nilichokinunua mnadani, postikadi ya gari la moshi la Bububu likipenya baina ya nyumba za mawe, karibu mno na baraza zake. Reli ile, iliyowekwa takriban mwaka 1905 na kufungwa mwishoni mwa miaka ya 1920, sikuidiriki, wala baba yangu hakuidiriki. Lakini tangu siku ile, kila nipitapo upande huo wa mji, huona kana kwamba nimenyang'anywa kitu kilichokuwa changu. Picha uliyopigwa mwenyewe hukutana na kumbukumbu zako, zikapatana au zikabishana. Ama ile uliyoiokota haina wa kuisahihisha, na moyo huujaza utupu wake kwa shauku.

Na utupu huo si haba. Sahani za kioo za zama zile zilitaka mwanga mwingi na utulivu, hata katika vichochoro vyenye kivuli mpita njia mwenye haraka akageuka ukungu, ukabaki mlango wa nakshi peke yake, umedhihiri msumari kwa msumari. Ndipo tukadhani kuwa mji wa babu zetu ulikuwa kimya, ilhali ulijaa wachukuzi, wauza kahawa na watoto watokao chuoni.

Sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka tarehe 25 Desemba 2020, jamaa yangu aliyezaliwa Maskati alinipigia simu akilia, naye hajapata kuikanyaga ngazi yake. Alilijua kwa picha iliyotundikwa ukumbini kwao, na msiba wake ulikuwa wa kweli kabisa.

Mimi kwetu ni Ng'ambo, upande wa pili wa ule mkono wa bahari uliokwisha kufukiwa, ukaacha jina la Darajani, ambako kamera ilivuka kwa nadra. Nyumba nyingi za udongo na makuti zilibomolewa huko kuyapisha majumba ya Michenzani, zikaenda bila ya kuacha sura. Siwalaumu mafundi wale, waliokuwa wakitafuta riziki. Nakiri tu dhara iliyonipata, kwamba kwa miaka mingi mgeni akitaka kuujua mji wangu nilimpeleka Forodhani na Shangani, nikapapita mbio nilipozaliwa, kwa kuwa macho yangu hayakufunzwa kupapenda.

Bibi yangu alipokuwa hai nilimwonyesha ile postikadi. Akaisogeza dirishani, akaitazama kitambo.

"Sisi tukilisikia mlio wake tu, mjukuu wangu," akasema. "Likilia asubuhi, mama ndiyo kwanza ateleka chai."

Nikamuuliza akiiteleka wapi. Nikaigeuza ile kadi, na pale nyuma palipoachwa wazi kwa salamu nikaanza kuandika aliyoyataja: banda la makuti, mafiga matatu, mwembe wa uani, kisima walichokishiriki na majirani.