Doktora ya sayansi inalipwa mshahara, haiuzwi

Kabla familia haijauza kiwanja ili kijana aende kufanya doktora huko Ulaya, inafaa ijue jambo moja: katika sayansi na uhandisi, mara nyingi mtafiti wa doktora halipi, analipwa. Profesa aliyepata pesa za utafiti anatafuta mtu wa kufanya kazi hiyo, na mtu huyo anasaini mkataba.

Mfano mkubwa ni mpango wa Umoja wa Ulaya wenye jina la Marie Skłodowska-Curie, mwanasayansi aliyepata tuzo ya Nobel mara mbili, 1903 na 1911. Kupitia mitandao yake ya doktora, vyuo vikuu na makampuni vinaajiri watafiti wa uraia wowote, Wakongomani pia. Umri hauna mwisho. Masharti makubwa ni mawili: usiwe umekwisha kupata doktora, na usiwe umeishi katika nchi inayokuajiri zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Kuna mshahara wa kila mwezi, na posho ya familia kwa mwenye bibi, bwana ao watoto.

Nafasi hizo zinatangazwa kwenye EURAXESS, tovuti ya Umoja wa Ulaya. Kuomba ni bure. Mtu akikudai makuta ya « dossier », jua kwamba anakula jasho la wazazi wako.

Vizuizi vipo. Mwenye licence ya zamani, ile ya miaka 3 ya graduat na 2 ya licence, aulize kwanza kama inakubaliwa, kwa sababu vyuo vingi vinadai master. Tena, mahojiano mara nyingi yanafanyika kwa Kiingereza.

Hapa nchini kuna pia BEBUC, burse iliyoanzishwa na profesa wa kemia Gerhard Bringmann wa Würzburg, Ujerumani, pamoja na profesa Virima Mudogo wa Kinshasa. Inasindikiza wanafunzi bora wa vyuo vikuu vya Kongo hadi doktora.

Mwombaji wa kwetu asijidharau. Nyiragongo ililipuka 2002 na 2021, na Ziwa Kivu limebeba gesi ya metani nyingi chini ya maji yake. Anayeandika barua kwa profesa aeleze swali moja kama hilo analolifahamu, na kazi aliyokwisha kufanya juu yake. Barua moja isitumwe kwa maprofesa mia.

Faida yake inarudi nyumbani. Katika vyuo vyetu, chef de travaux asiye na doktora hawezi kuwa profesa, hata afundishe miaka mingi namna gani. Na bila maprofesa, nani atawaongoza wale wanaokuja nyuma?